Ulimpenda Nani, Mtu au Barua Zake?

Wapendwa wanandoa, leo naomba ruhusa yenu nianze na sinema. Najua baadhi yenu mtauliza, katekista na sinema za Kihindi wapi na wapi? Lakini nyinyi mliokaa Kibera au Kawangware mnajua kwamba huku kwetu sinema hizo hazikuwa za Wahindi peke yao. Tulizitazama kwenye vibanda vya video, tumebanana juu ya benchi za mbao, na zilipokuja VCD tukazikodisha na kwenda nazo nyumbani. Lugha hatukuijua, lakini machozi tuliyajua.

Filamu ninayotaka kuizungumzia inaitwa Mujhse Dosti Karoge!, yaani, je, utakuwa rafiki yangu? Ilitoka mwaka 2002, mwongozaji wake akiwa Kunal Kohli, na waigizaji wakuu ni Hrithik Roshan, Rani Mukerji na Kareena Kapoor. Kisa chenyewe ni hiki. Kijana Raj alihamia London na wazazi wake akiwa bado mtoto. Alitaka awe akiandikiana na msichana mrembo aitwaye Tina. Tina hakujali. Rafiki yake Pooja, msichana mpole ambaye watu hawakumtazama mara mbili, ndiye aliyechukua kalamu, au niseme kompyuta, kwa maana zilikuwa barua pepe. Alimwandikia Raj kwa miaka 15 akitumia jina la Tina. Raj akarudi India mtu mzima, akamkimbilia Tina, akitafuta ndani yake ule moyo alioujua katika barua. Na moyo ule ulikuwa umekaa pembeni, kimya.

Ni filamu ya kuchekesha, na tulicheka. Ila mimi sikucheka hadi mwisho, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka 1999 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninakaa kwa mjomba wangu Kawangware bila kazi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikuwa na rafiki mmoja mwashi, aliyekuwa akiishi Lindi, kule Kibera. Alikuwa amempenda msichana wa upande wa Magharibi waliyeonana mara moja tu, kwenye matanga. Shule aliiacha mapema. Kusoma alijua kidogo, kuandika kulimtesa. Basi kila baada ya wiki mbili, Misa ya Jumapili ikiisha, alitembea kutoka Kibera kupitia Ngong Road na Dagoretti Corner mpaka kwetu. Aliketi juu ya mtungi wa maji, akaniambia la kuandika. Maneno yake yalikuwa mafupi. "Mwambie sijambo. Mwambie mvua imenyesha, kazi imesimama siku nne. Mwambie jioni natembea kwa miguu kutoka Industrial Area, ile nauli naiweka. Nataka kununua kitanda." Kisha hunyamaza.

Nami, kijana wa miaka 18 niliyekuwa nimesoma riwaya mbili tatu, niliona aibu kutuma barua kavu namna ile. Nikaongeza mwezi. Nikaongeza ndege wanaorudi viotani jua likizama. Nikaongeza usiku ambao hapati usingizi kwa kumwaza. Nilipomsomea alicheka kwa haya. "Wewe! Hayo mimi nimeyasema?" Halafu akafikiri kidogo. "Basi acha tu." Barua ikapanda basi.

Msichana alijibu, na majibu yake nilimsomea mimi. Walifunga ndoa Kanisani mwaka 2001, na siku hiyo nilibeba kreti za soda nikiwa na furaha kama vile arusi ni yangu.

Mwaka 2004 tulikaa sisi watatu chumbani mwao, Lindi, tukiitazama filamu ile. Maandishi ya chini ya kioo yalikuwa ya Kiingereza na yalipita upesi, hivyo kazi ya kutafsiri iliniangukia mimi. Tulipofika mahali ambapo Raj anazungumza juu ya barua, na mwandishi wake wa kweli yuko pale pale anasikiliza, ulimi wangu ukawa mzito. Rafiki yangu akatazama sakafu. Mke wake akaacha kutazama televisheni, akatutazama sisi wawili. Hakusema neno. Wiki moja baadaye alinijia Kawangware na mfuko wenye barua zote, akaziweka mbele yangu.

"Shemeji, kwa jina la Mungu, hizi ni za nani?"

Nikamwambia ukweli. Akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi mimi nilimpenda nani?"

Mpendwa msomaji, wewe ungemjibu nini? Filamu ina jibu lake tayari. Inasema mwenye kalamu ndiye mpenzi wa kweli. Kumpenda Tina kulikuwa kosa, kumpenda Pooja ndiko sahihi. Jibu hilo linatosha kwa Pooja, kwa sababu aliandika yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini mimi sikuwa Pooja. Shemeji yangu sikuwa nikimjua, wala sikumpenda. Mwezi ule na ndege wale ningempa mtu yeyote ambaye ningeombwa kumwandikia. Kama mama huyu angeifuata kalamu, angefika kwa kijana asiyekuwa na kitu cha kumpa ila maneno. Aliyetembea kutoka Industrial Area hakuwa mimi.

Lakini msinielewe kwamba najitetea. Kosa lilikuwepo, na ili kuliona inafaa tuitazame nusu ya pili ya filamu, ambayo watu wengi huipita wakifuta machozi. Raj anagundua kwamba Pooja ndiye mwandishi, na wanapendana. Kabla hawajasema lolote, baba yake Tina anafariki, na Tina anabaki pweke. Pooja anamsihi Raj amwoe Tina hata hivyo, na siri ifichwe. Hapo sote tulilia. Tuliona ni sadaka kubwa. Mimi mwenyewe nilipotafsiri sehemu ile sauti yangu ilikuwa ya msiba.

Leo nauliza, na Tina je? Nani alimwuliza? Walikuwa wanamwandalia ndoa na mume ambaye moyo wake uko kwingine, na yeye mwenyewe hajui. Walimhurumia kiasi cha kumnyima ukweli. Na angalieni jinsi kisa kinavyofunguka: ni Tina mwenyewe, akishajua, anayemwachilia Raj. Mwanamke waliyemdhania hawezi kuubeba ukweli aliubeba kuliko wao wote. Kabla ya hapo hakuwa na nafasi ya kukubali wala kukataa.

Kisa hiki ni cha zamani kuliko sinema. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, Yakobo alifanya kazi miaka saba ili ampate Raheli, na usiku wa arusi Labani akamletea Lea. Kulipokucha, Yakobo akaona. Tunaposoma sehemu hiyo jumuiyani watu humhurumia Yakobo, na ni haki, amedanganywa. Lakini nimeona ni mara chache mtu kusema, maskini Lea. Yeye ndiye aliyelala usiku kucha akipokea mapenzi ya mwingine. Alipozaa wana, Reubeni, Simeoni na Lawi, alitumaini kwamba sasa mume wake atamwelekea. Anayependwa kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine hapati faida hata kidogo, hata kama amelala kwenye kitanda cha arusi.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunadhani udanganyifu wa upole hauna mwathiriwa. Nilimfahamu mume mmoja hapa Kawangware aliyeachishwa kazi kiwandani. Kwa miezi mitatu alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, amevaa nguo za kazi na amebeba chakula alichopikiwa, akaenda kuketi bustani ya Jeevanjee mjini mpaka jioni. Mwisho wa mwezi alikopa, akaleta "mshahara". Siri ilifichuka mkopeshaji alipobisha mlangoni. Mume alisema, "Nilimhurumia, sikutaka awe na wasiwasi." Mke hakulia kwa ajili ya kazi. Alisema, "Miezi mitatu nimempikia mtu nisiyemjua." Naye yule bwana, nilipozungumza naye peke yake, alikiri jambo lililonigusa: kila jioni mke alipomkaribisha kwa maneno matamu, alihisi kama anayepokea zawadi ya jirani. Maneno yale yalikuwa ya mtu mwenye kazi.

Bila shaka kuna atakayeuliza, basi je, ndoa ya yule mwashi ilikuwa ndoa? Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni makubaliano ya hiari ya hao wawili, wala hakuna mwingine awezaye kukubali kwa niaba yao (kanuni 1057). Kumkosea mtu mwenyewe, kama Yakobo, huibatilisha. Kukosea sifa zake, kwa mfano ulidhani ni mpole au ni msomi, peke yake hakubatilishi, isipokuwa kama sifa hiyo ndiyo uliyoikusudia hasa (kanuni 1097). Na kuna hila ya makusudi kuhusu jambo zito liwezalo kuvuruga maisha ya ndoa. Hiyo nayo huharibu makubaliano (kanuni 1098). Kuamua ni kazi ya mahakama ya Kanisa, si ya katekista wala ya shangazi. Mwenye shaka amwone padre.

Shemeji yangu hakuwa anauliza habari za mahakama. Alijua aliyesimama naye altareni; uso ule aliuona kwenye matanga, akamkubali yeye. Alitaka kujua ni kiasi gani cha mtu huyo kilikuwa ndani ya zile karatasi. Basi tukazifungua moja moja pale mezani. Akawa anaweka kidole kwenye mstari, nami ninajibu: hili langu, hili lake. Mvua na siku nne bila kazi, lake. Ndege, wangu. Kitanda, lake. Alipofika kwenye usiku usio na usingizi nikasema, langu, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Nilishangaa! Mtu huyu akigusa mto tu amelala." Lakini kulikuwa na mistari mingine aliyoijua kwa moyo, aliyoisoma usiku kwao kwa taa ya koroboi, na nilipoidai aliinamisha kichwa. Hiyo ilikuwa hasara, na sikuwa na la kumlipa. Si kila alichokipenda kilikuwepo.

Wala si yeye peke yake. Sijaona bado wanandoa ambao mmoja wao hakuleta nyumbani mtu wa kudhaniwa pamoja na mtu mwenyewe. Kipindi cha uchumba tunavaa viatu vya kuazima. Siku hizi hata kijana wa mwandiko mzuri hahitajiki. Watu wananakili ujumbe wa mapenzi kutoka simu moja hadi nyingine, na zipo programu za kompyuta zitakazokuandikia barua ya uchumba kabla chai haijapoa. Kumkosea mchumba kidogo ni jambo la kibinadamu. Uzito uko kwa yule anayejua kwamba amedhaniwa sivyo, na anaendelea kula matunda ya kosa hilo. Rafiki yangu alijua. Mimi nilijua. Miaka mitatu tulikunywa chai ya mama huyu tukijua.

Alikaa karibu mwaka mzima bila kunisalimu. Nyumbani kwao nako kulikuwa na baridi. Rafiki yangu aliniambia kwamba kwa miezi mingi mke alimwuliza mambo madogo madogo, unapenda nini, unaogopa nini, kama mtu aliyeletewa mgeni. Naye, asiyezoea kusema, alilazimika kutafuta maneno yake mwenyewe. Mengine hayakumpendeza mke. Waligombana kuliko miaka yote iliyopita.

Mwaka 2006 walikuja ofisini parokiani kumwandikisha mtoto wao kwa ubatizo. Wakati huo nilikuwa naanza kujifunza kazi ya ukatekista, na siku hiyo fomu zilikuwa mikononi mwangu. Rafiki yangu akaichukua kalamu, akaitazama, akanirudishia. Mke wake akavuta kiti karibu, akaketi kati yetu.

"Andika, shemeji," akasema. "Lakini andika vile anavyosema."