Mtaji Mgeni na Haki ya Mwenyeji

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu methali hii hutumiwa kuusifu ukarimu. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini twaona kwamba ndani yake mna sharti: mgeni hukaribishwa, lakini kipimo cha ujio wake ni kupona kwa mwenyeji. Katika makala hii tunakusudia kulitumia sharti hilo kumpima mgeni mmoja ambaye nchi yetu imempokea kwa miaka mingi, yaani mtaji utokao ng'ambo. Tena hatusemi juu ya mtaji wa mnyonyaji peke yake, kwani huo hukumu yake ni nyepesi. Twataka kuuchunguza hasa mtaji utolewao kwa nia njema, na watu wanaotaka fedha zao zisaidie biashara ya haki. Je, nia njema ya mwenye fedha yatosha kuufanya mtaji wake uwe wa haki?

Wilaya ya Kilosa inamjua mgeni huyu tangu zamani. Mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893 ulienea hata ukafika Kimamba na Rudewa, na Reli ya Kati ikausafirisha mpaka bandarini. Manamba walitoka mikoa ya mbali kuja kuukata. Nyuzi za viwandani zilipoanza kuiangusha bei katika miaka ya 1960, ilidhihirika kwamba jasho lilikuwa la hapa lakini uamuzi ulikuwa wa kwingine. Hata baada ya mashamba kadhaa kutaifishwa mwaka 1967, bei ya katani iliendelea kupangwa katika masoko ya mbali. Baadhi ya mashamba yaligeuka mapori, huku wanavijiji waliopakana nayo wakihangaika kutafuta mahali pa kulima.

Wako watu wa ng'ambo ambao dhulma ya namna hiyo iliwasuta. Mwaka 1975 makanisa yalianzisha huko Uholanzi chama cha Oikocredit, na mwaka 1990 kikaanzishwa Uingereza chama cha Shared Interest. Katika vyama hivi raia wa kawaida huweka akiba zao, wakaridhika na faida ndogo, ili fedha hizo zikopeshwe kwa wazalishaji wa nchi maskini. Kadhalika, mwaka 1988 Uholanzi ilianza kuuza kahawa yenye alama ya biashara ya haki. Kwa utaratibu huo mkulima huhakikishiwa bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani, na chama chake hupewa nyongeza ambayo wanachama wenyewe huamua itumikeje. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera kilitumia fedha za namna hiyo kununua hisa katika kiwanda cha kahawa cha Tanica, Bukoba. Hapo mkulima wa buni alianza kuwa mwenye kinu pia.

Mfano huo wa Kagera watufundisha kwamba bei nzuri ni mwanzo tu wa haki. Tuwatazame wakulima wa miwa wa Ruhembe na Kidodi, kusini ya Mikumi. Muwa ukishakatwa hauwezi kungoja; kila siku ipitayo hupunguza sukari yake. Hauwezi kupelekwa soko la mbali, bali hupelekwa kwenye kiwanda kilicho karibu, na malipo hutegemea uzito na kiasi cha sukari kinachopimwa huko huko. Hata kama mpimaji ni mwaminifu kabisa, mkulima asiyeweza kukihakiki kipimo anaishi kwa kuamini tu. Haki inayotegemea wema wa mtu mwingine ni fadhila, na fadhila yaweza kuondolewa wakati wowote.

Sasa tuvigeukie vijiji vya Ihombwe na Ulaya Mbuyuni, katika wilaya hiyo hiyo. Tangu mwaka 2012 hadi 2019 fedha za Uswisi, zikipitia mashirika ya Kitanzania ya uhifadhi wa misitu, zilivisaidia vijiji kadhaa vya Kilosa kuchoma mkaa bila kuumaliza msitu. Vijiji vilipanga matumizi ya ardhi yao, vikatenga misitu yao kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na sehemu ya kuvuna ikagawanywa ili ivunwe kwa zamu ya miaka 24. Visiki viliachwa vichipue. Ushuru wa mkaa uliingia katika mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ukaamua matumizi yake, kama vile kujenga madarasa. Mradi ulikuwa na mwisho wake. Lakini msitu ulibaki kuwa mali ya kijiji, kwa maana haukupata kuwa mali ya mgeni.

Yumkini msomaji atatupinga kwa kusema kwamba mwenye fedha naye ana haki yake, na mkono mtupu haulambwi. Ni kweli. Mkopo ni deni, na kulipa deni ni uungwana. Lakini haki ya kulipwa si haki ya kutawala. Mwingine atauliza: je, uamuzi ukiwa mikononi mwa kijiji, viongozi hawawezi kuila mali hiyo? Wanaweza. Mali bila daftari huisha bila habari. Tena Kilosa ni wilaya ambayo wakulima na wafugaji wamegombania ardhi hata kumwaga damu. Mkutano usiomsikiliza mfugaji au mchoma mkaa maskini utakuwa umemwondoa mnyonyaji wa mbali na kumweka wa jirani. Kwa hiyo sharti tunalomwekea mgeni hapana budi tujiwekee na sisi.

Azimio la Arusha lilitukumbusha kwamba maendeleo yahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikutajwa miongoni mwa vitu hivyo vinne. Haikukataliwa, bali iliwekwa mahali pake, iwe chombo mikononi mwa watu. Vijana wanaosoma leo ndio watakaoketi kesho katika mikutano ya vijiji na bodi za ushirika, wakiletewa mikataba ya kutia sahihi. Mkataba ukiletwa, wasiulize tu kama mgeni ana moyo mwema. Waulize pia: mali hii itakuwa ya nani? Kipimo atakishika nani? Mgeni akiondoka, nani atabaki na uamuzi? Majibu yakimrudia mwenyeji, na akaribishwe. Naye, kama desturi yetu inavyotaka, siku ya tatu tumpe jembe tulime naye.