Motokari Iliyosimama Karibu na Mwisho
Fundisho juu ya amri ya nane



Mtakatifu Yoane, katika sura ya tisa ya Injili yake, atusimulia habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walipomwona hawakuuliza atasaidiwa kwa njia gani. Waliuliza habari ya dhambi: je, ni yake mwenyewe, au ni ya wazazi wake? Bwana wetu Yezu Kristu akalikataa ulizo hilo. Akawajibu kwamba si ya huyu wala ya wale, kisha akamponya.

Ulizo la wanafunzi lingali hai kati yetu. Mtu akipatwa na hasara, hasa ile inayokuja ghafula wakati furaha imekwisha kukaribia, mara twauliza: Nani amefanya haya? Leo nataka kuwasimulieni habari ya kweli ya hasara ya namna hiyo, iliyotokea mbali nasi, ili tuone jinsi watu walivyouliza sababu yake pasipo kumdhulumu mtu.

Katika Ufaransa kuna mji uitwao Le Mans. Tangu mwaka 1923, ijapokuwa vita viliyakatisha kwa miaka kadhaa, hufanyika huko mashindano ya motokari yanayodumu saa 24, mchana na usiku. Mzunguko mmoja wa njia wapita kilometre 13. Kila motokari ina madereva watatu wanaopokezana usukani, na mshindi ni ile iliyokwenda mwendo mrefu kupita zote.

Kampuni ya Toyota ya Japani ilifika huko mara ya kwanza mwaka 1985. Ikarudi mara nyingi, ikapata nafasi ya pili zaidi ya mara moja, lakini ya kwanza haikuipata. Tarehe 18 Juni 2016, saa 9 alasiri, ikaanza tena. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, hata motokari zote zikaanza polepole nyuma ya motokari ya kuziongoza. Motokari ya Toyota yenye namba 5 ilikuwa na Kazuki Nakajima wa Japani, Sébastien Buemi wa Uswisi, na Anthony Davidson wa Uingereza. Usiku kucha walishindana na motokari za Porsche za Ujerumani. Kesho yake, Dominika alasiri, namba 5 ilikuwa mbele, na Nakajima ndiye aliyeshika usukani. Zilibaki dakika sita tu na kidogo. Wenzake walikuwa wamesimama wakingoja kumshangilia.

Ndipo Nakajima alipowaarifu kwa redio kwamba moteri imekosa nguvu. Motokari ikapunguza mwendo, ikajikokota, ikapita mstari wa mwisho ungali umebaki mzunguko mmoja, ikasimama mbele ya mafundi wake mwenyewe. Zilibaki dakika kama tatu. Porsche yenye namba 2, iliyoendeshwa na Neel Jani, ikaipita mbele ya macho ya watu wote, ikashinda kwa mizunguko 384, yaani kilometre zaidi ya 5,200. Mafundi wa Toyota, watu wazima, walilia.

Nakajima hakutoka katika motokari yake. Moteri ilipopata tena nguvu kidogo, aliendelea, akaumaliza mzunguko wa mwisho. Lakini mzunguko huo ulimchukua zaidi ya dakika 11, na sheria ya mashindano wakati ule ilitaka usizidi dakika sita. Basi namba 5 haikuandikwa hata katika orodha ya waliofika. Kazi ya saa 24 ikawa kana kwamba haikufanyika.

Ndugu zangu, fikirini uchungu wa saa ile. Hapo ndipo moyo wa binadamu hutafuta wa kumlaumu. Ingekuwa rahisi kumgeukia dereva, au fundi mmoja, au kuwashuku washindani kwa hila. Wao walifanya nini? Waliifungua motokari, wakachunguza. Baada ya siku chache wakatangaza sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Moto hauwaki pasipo hewa. Mhunzi ajua hayo, ndiyo maana huvukuta. Moteri ile nayo ina chombo kinachoisukumia hewa kwa nguvu. Hewa ikisukumwa hivyo hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwanza katika chombo cha kuipoza. Kati ya vyombo hivyo viwili kuna njia ya hewa, na katika njia hiyo kuna kiungo. Kiungo hicho kiliharibika. Moteri ikakosa hewa ya kutosha, ikalegea. Basi. Kiungo kimoja kati ya viungo vingi vya motokari. Hapakuwa na adui.

Tupate mafundisho matatu.

La kwanza: tutafute sababu ya kweli, tusitafute mtu wa kubebeshwa. Mungu ametupa akili, nayo ni zawadi yake. Mtoto akipatwa na homa usiku, apelekwe kwa mganga wa hospitali mapema, damu yake ipimwe. Lori likianguka mlimani, tutazame breki zake na uzito wa shehena. Mwanafunzi akishindwa mtihani wa mwisho, tuulize alisoma saa ngapi, na kama alikula kabla ya kwenda shule. Lakini mara nyingi twafanya kinyume. Twakimbilia kwa mpiga ramli, naye atataja jina; na jina hilo ni la nani? Ni la mjane mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Ni la yatima aliyelelewa nyumbani kwa mjomba, ambaye sasa aambiwa kwamba yeye ndiye aliyemla mdogo wake. Wazee wamefukuzwa katika nyumba zao kwa neno la namna hiyo. Watoto wamelala sokoni kwa ajili yake. Wengine wamepigwa hata kufa.

Wakristu, tuseme waziwazi. Kwenda kwa mpiga ramli ni kosa juu ya amri ya kwanza. Kumtaja jirani kuwa mchawi ni kosa juu ya amri ya nane, maana ni kumshuhudia uongo. Na akifa kwa ajili ya neno hilo, amri ya tano nayo imevunjwa, hata kama mkono wako haukushika fimbo. Mtu ataniambia: «Mwalimu, je, Shetani hayuko?» Yuko. Na kazi yake apendayo ni kuwafanya ndugu wachukiane. Anayemfukuza yatima usiku amemfanyia Shetani kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

La pili: aliyeshinda amheshimu aliyeshindwa, na aliyeshindwa asimwonee kijicho aliyeshinda. Watu wa Porsche hawakuwacheka wenzao. Walitangaza hadharani heshima yao kwa Toyota, kwa kuwa walijua ya kuwa walioshindana nao walistahili. Hapa kwetu, shamba la mmoja likistawi na la jirani yake likinyauka, mwenye mavuno asijivune. Abebe kikapu cha mihogo, aende akabishe hodi. Shuku nyingi zingezimika kwa kikapu kimoja.

La tatu: tumalize mzunguko wetu, hata kama dunia haitauandika. Mtaniuliza: mwisho wao ulikuwaje? Mwaka 2017 Toyota ilirudi Le Mans, ikashindwa tena. Mwaka 2018 ikashinda, na aliyeifikisha motokari mwishoni alikuwa Nakajima yuleyule. Yeye na Buemi walishinda pia mwaka 2019 na 2020. Twafurahi pamoja nao. Lakini tusisahau yule wa tatu. Anthony Davidson, aliyefanya kazi ileile na kupata hasara ileile, aliacha mashindano mwaka 2021 pasipo kupata ushindi huo hata mara moja. Kwa hiyo sitawadanganyeni kwa kusema kwamba kila avumiliaye hulipwa hapa duniani. Wengine hulipwa, wengine hawalipwi, na haina maana kwamba hawa wamelaaniwa. Yobu alikuwa mwenye haki, naye alipoteza vyote. Rafiki zake waliomtafutia kosa ndio waliokaripiwa na Mungu.

Hukumu ya Mungu haifanani na sheria ya Le Mans. Pale, aliyekawia alifutwa katika orodha. Kwa Baba yetu wa mbinguni, mjane aliyelima mwaka mzima akavuna kidogo ameandikwa. Mama aliyeuguza mtoto wake asipone ameandikwa. Hata mwenye dhambi ajutiaye saa ya mwisho ameandikwa, kama yule mnyang'anyi msalabani.

Juma hili kila mmoja afanye tendo moja. Kama katika mtaa wenu yuko mtu aliyetajwa vibaya, mzee au mtoto, mwendeeni mchana, watu wote wakiona. Mketi naye, mle naye. Na kama ninyi ndio mliolitaja jina lake, ungamo peke yake halitoshi: mwende kwa walewale mliowaambia, mkalifute neno lile, na kumrudishia mtu heshima yake.

Mungu atupe moyo wa haki saa ya hasara. Amina.