Ujira wa Mdhamini

Jumuiya ndogo yenye nia njema aghalabu hukosa vitu viwili: jina linalotambuliwa na sheria za mbali, na mkono wa kupokelea fedha zitokazo huko. Kwa hiyo hutafuta mdhamini. Mdhamini hupokea fedha kwa niaba yake, huandika hesabu, hujibu maswali ya wakuu, kisha hukata sehemu kuwa ujira wake. Je, ujira huo ni haki, au ni unyang'anyi wa kistaarabu?

Mfano tunao hapa Kwale. Katika Ghuba ya Gazi, upande wa Msambweni, wenyeji wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuizika matopeni, na watu wa nchi za mbali hulipa ili hazina hiyo idumu. Walakini mnunuzi wa Ulaya hakijui kijiji. Kati yao imesimama ACES, jumuiya ya hisani iliyoandikishwa Scotland, inayouza na kupokea malipo. Na Plan Vivo, inayothibitisha kazi. Kanuni ya Plan Vivo yataka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie wenyeji. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule.

Mwenye haraka atauliza: mikoko yetu, jasho letu, kwa nini mwingine apate hata senti? Ajibiwe kwamba pasipo cheti hapana mnunuzi, na sehemu ya kitu ni bora kuliko ukamilifu wa utupu. Hata watungaji wa programu huria za kompyuta, wanaotoa kazi yao bure, hulipa ujira huu: Software Freedom Conservancy ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2006, hukata asilimia 10 ya mapato ya miradi inayoidhamini.

Lakini gharama kubwa haiandikwi daftarini. Nayo ni kutozijua hesabu zetu wenyewe, na kungojea barua ya ng'ambo kabla ya kuamua neno. Mwaka 2024 Open Collective Foundation ya Marekani, mdhamini wa mamia ya vikundi, ilitangaza kufunga milango, na vikundi hivyo vikalazimika kutafuta makao mengine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi udhamini upimwe kwa maswali matatu. Ujira unajulikana na wote? Njia ya kutoka ipo? Mdhaminiwa anajifunza kazi ya mdhamini? Huko Gazi kamati huchaguliwa na wanakijiji, na matumizi huamuliwa barazani. Huo ni mwanzo mwema. Kijana anayejifunza leo kusoma daftari la hesabu la kijiji chake anapunguza ujira utakaolipwa kesho.