Pishi na Lumbesa

Dominika ya 18 ya Mwaka B tunasomewa habari za mana, Kutoka sura ya 16. Waliopanga masomo wameishia aya ya 15, Musa anapowaeleza watu kwamba hicho ndicho chakula walichopewa na Bwana. Mkifika nyumbani fungueni Biblia mwendelee hadi aya ya 20, maana walipokata ndipo panapoanza utamu. Hapo pana kipimo: pishi moja kwa kila kichwa kilichomo hemani. Aliyezoa kingi akipima hakuti ziada, aliyezoa kidogo haoni upungufu. Na wale waliolaza akiba ya kesho waliamkia mabuu na uvundo.

Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni hapa Morogoro mwaka 1882, wakitokea Bagamoyo, ni wa shirika lililoanzia Ufaransa. Huko chakula kisicholala wanakijua. Mkate wao mrefu, baguette, ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, basi. Hauna mafuta wala sukari, kwa hiyo kesho yake umeshakuwa kama kuni, na mtu hurudi dukani kununua wa leo. Mwaka 2022 UNESCO iliutambua ujuzi wa kuuoka kuwa urithi wa utamaduni. Sawa, hongera zao. Mimi navutwa zaidi na jambo jingine. Oktoba 1789 wanawake wa Paris, wamechoshwa na uhaba na bei ya mkate, walitembea hadi Versailles na kumrudisha mfalme mjini. Watawala waliofuata hawakusahau. Kwa vipindi virefu serikali ilishika bei ya mkate, na ikaja kuiachia kabisa miaka ya 1980. Waokaji wa Paris nao walipangiwa likizo za kiangazi kwa zamu, hawa Julai, wale Agosti, ili pasiwe na mtaa unaokosa mkate. Utaratibu huo umefutwa juzi tu, katika muongo uliopita. Ulikuwa utaratibu wa serikali isiyo na dini, lakini ndani yake mimi naiona pishi.

Sisi huku riziki haitoki kwa mwokaji. Ni ugali, ndizi, mihogo. Ngano tunayokula, sehemu kubwa inaagizwa nje. Ila kule juu Mgeta kuna kabichi na njegere, na mazao hayo hayamsubiri mtu. Yakishavunwa lazima yateremke upesi, yafike mjini au soko la Kariakoo kabla hayajanyauka. Dalali analijua hilo vizuri mno. Ndiyo sababu anathubutu kudai lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, linavishwa kilemba, linakazwa kwa kamba, kisha linalipiwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na viongozi wetu hawajachoka kutangaza kwamba lumbesa ni marufuku. Kilemba nacho hakijachoka kupanda.

Hapa ndipo mahubiri yetu mengi yanapoteleza. Tunamwambia mama wa Mgeta asisumbukie ya kesho, naye hana hata pa kuiweka hiyo kesho; mzigo wake unaoza kama mana. Anayeweza kulaza ni mwenye ghala, mwenye lori, mwenye simu inayompa bei za Kariakoo kabla mkulima hajaamka. Aya ya mabuu tumsomee huyo, na tumsomee kwa sauti, hata akiwa ndiye mfadhili wa ujenzi wa parokia.

Mtume Paulo aliurudia mstari huu wa kipimo alipowaandikia Wakorintho barua ya pili, sura ya 8. Hakuwa akizungumzia mbinguni. Alikuwa akichangisha fedha za maskini wa Yerusalemu. Wakorintho walikuwa wameanza kwa ahadi nzuri tangu mwaka uliotangulia, mchango ukawa bado haujatimia, na Paulo akamtuma Tito akaufuatilie.