Nyumba Iliyojengwa Nje ya Mlango

Aliyefungiwa mlango akajijengea nyumba yake, je, inampasa kuibomoa siku mlango ule utakapofunguliwa? Swali hili limewaandama wanafunzi Weusi wa Marekani kwa muda mrefu. Vyuoni kule kuna vyama vya udugu na vya udada vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, na kwa miongo mingi vyama vya Wazungu viliwakataa Weusi. Ndipo mwaka 1906 vijana wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaunda Alpha Phi Alpha, na mwaka 1908 wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Howard wakaunda Alpha Kappa Alpha. Siku hizi masharti ya rangi yamefutwa, na wapo wanaowaambia: yamekwisha, unganeni nasi. Kwa msomaji wa Moshi hoja hii si ngeni, kwa kuwa mlima wetu uliijua kupitia kahawa.

Miaka ya 1920 walowezi wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao, nao waliishinikiza serikali iwazuie Wachagga kupanda kahawa ya arabika. Walisema mashamba ya wenyeji yangeeneza magonjwa. Hofu nyingine ilikuwa kwamba mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mwenzake. Mkuu wa wilaya, Charles Dundas, alisimama upande wa wakulima wadogo, na mwaka 1925 kikazaliwa Kilimanjaro Native Planters' Association chini ya Joseph Merinyo, kisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Ukisoma orodha za wanachama tu, utasema chama cha walowezi na cha Wachagga ni sawa, maana kila kimoja kilikusanya watu wa aina yake. Lakini kimoja kilikusanyika ili kumzuia jirani asilime, na kingine ili kupambana na wadudu wa mibuni na kupata bei ya haki. Kuviita vyote viwili ubaguzi ni kumsahau aliyeumizwa.

Mkristo atapinga, na pingamizi lake ni zito: Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba ndani ya Kristo tofauti ya Myahudi na Mgiriki imeondoka. Tena mlima huu umeonja utengano, Machame ikiwa ya Walutheri, Kilema na Kibosho za Wakatoliki, watu wa damu moja wakisali mbalimbali. Hata hivyo Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika hapa mwaka 1902, aliona jambo ambalo wengi hawakuliona. Alitaka kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika, kwa kuamini kwamba mtu haingii katika jumuiya kubwa akiwa peke yake, bali huingia akiwa ameshikwa mkono na wenzake. Alikosea, nadhani, kuiogopa fedha ya kahawa na mambo ya mjini. Katika hili la mikono hakukosea: umoja unaomtaka mtu aje bila wenzake humtaka aje akiwa dhaifu.

Wengine watasema, basi, vyama hivi vilikuwa vya lazima zamani, leo muda wake umepita. Tuliwahi kulijaribu hilo. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na KNCU ikiwemo. Ilirudi mwaka 1984, baada ya sheria mpya ya 1982. Majengo na mizani hurudishwa kwa amri. Mazoea ya kukutana, kudai hesabu na kumwondoa kiongozi mbaya hayarudi hivyo, na ndiyo yaliyokuwa mali kubwa ya mkulima. Kwa hiyo nasema uamuzi wa kuifunga nyumba ile ni wa walioijenga, si wa aliyewafungia wala wa anayewaonea haya.

Haki hiyo, hata hivyo, ina deni lake. Uanachama wa ushirika ulifuata kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba kwa mila kilirithiwa na wana wa kiume. Waliofungiwa na walowezi nao walikuwa na mlango wao, na mbele yake alisimama mama aliyechuma kahawa, akaimenya, akaianika na kuibeba kichwani hadi kwenye mizani, kisha karani akaandika jina la mumewe.