Laini Inapokufa Ghafla

Ukitoka Narok kwenda Bomet utapita Mulot, mji mdogo ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili ambao Wakenya wengi hawajawahi kuuona ila wanaujua kwa jina. Kwa miaka kadhaa makachero wa idara ya upelelezi wa jinai, DCI, wamekuwa wakifika huko kuwasaka watu wanaoiba laini za simu, hata jina la mji likageuka kuwa tusi. Jambo hilo si haki kwa wakulima na wachuuzi waaminifu wa pale. Lakini wizi wenyewe ni wa kweli, na sisi tunaoishi kwa majani chai, Kericho na Bomet, si wajanja kuliko waliokwisha kuibiwa.

Huanza kwa upole. Mtu anapiga simu akisema yeye ni wa huduma kwa wateja. Anakuita kwa jina lako, na hapo ndipo wengi wetu tunapolegea, tukidhani anayetujua hivyo lazima awe wa kampuni. Kumbe M-PESA humwonyesha jina lako mtu anayeanza kukutumia pesa, hata akighairi kabla ya kutuma. Na nambari ya kitambulisho? Tumeiandika kwenye vitabu vingapi vya walinzi langoni, pamoja na nambari ya simu, bila kujiuliza ni nani atakayevisoma?

Kisha anakuambia laini yako ina hitilafu, au kuna mwizi anayekunyemelea na yeye anataka kukuokoa. Anauliza mwaka wa kuzaliwa, watu uliowapigia karibuni, halafu PIN. Usikate simu, asema, na usimwambie mtu. Mwishowe anakutaka uizime simu kwa dakika chache. Kila moja ya ishara hizi ingetosha kutushtua, ila sauti yenye heshima hutupumbaza. Ukiiwasha simu tena, mtandao haupo. Huku kwetu mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, basi mtu anaulaumu mnara na kungoja asubuhi. Wakati huo laini yake, iliyokwisha kuhamishiwa kadi nyingine, inafanya kazi vizuri, mkononi mwa mtu mwingine.

Tusidhani ni wazee wa kijijini tu wanaonaswa. Mwaka 2018 mshukiwa mmoja alikamatwa Tarime, Tanzania, akidaiwa kujifanya Sabina Chege, wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa Murang'a, na kuwaomba wabunge fedha. Hao ni watu waliokaa na Chege ukumbi mmoja! Kumuuliza ana kwa ana kungetosha. Mwezi Mei mwaka huohuo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ilitiwa saini. Anayetumia nywila au kitambulisho cha mwenzake kwa hila anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili.

Wizi wa jina umeigizwa hata kwenye televisheni. Katika tamthilia ya kubuni ya kisayansi, Orphan Black, iliyoanza kuonyeshwa 2013, Sarah Manning anamwona mwanamke aliyefanana naye kabisa akijirusha mbele ya treni. Anauchukua mkoba wake, kisha jina lake, akitaka pesa za benki tu na kutoweka. Lakini marehemu alikuwa polisi mwenye kesi shingoni, na Sarah anazama katika maisha hayo mpaka hawezi kuyaacha. Mwizi anarithi matatizo ya aliyeibiwa.

Kwetu mambo ni kinyume. Akishamaliza salio lako, mwizi huchota mikopo ya simu, Fuliza na M-Shwari, kwa jina lako, kisha anaitupa laini. Deni linabaki nawe, na Fuliza hujilipa yenyewe kutoka pesa yoyote inayoingia. Pesa za majani au bonasi zikitumwa kwenye laini hiyo, hukatwa kwanza.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtandao ukitoweka ghafla huku wa jirani upo, usingoje. Azima simu, ipigie kampuni laini ifungwe, kisha uende kituo cha polisi. Aliye na laini ya Safaricom abonyeze *106# aone ni nambari zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na *100*100# ili laini yake isibadilishwe mpaka afike mwenyewe dukani. Tuwafanyie hivyo hivyo wazazi wetu, tukiwa tumeketi nao, na PIN ikihitajika waiweke wenyewe bila sisi kuiona.