Kazi ya Kompyuta Nayo ni Wito

Kijana wa usharika wetu anapokwenda chuo cha theolojia, tunamwita mbele ya madhabahu, tunamwombea na kumchangia nauli. Anayekwenda kusoma Tehama tunamwombea pia, lakini ombi letu ni jingine: apate ajira, apate mshahara mzuri, ahame Mbagala aende kwenye nyumba yenye geti. Wa kwanza tunasema ameitwa. Wa pili tunasema ana bahati. Je, ni kweli kwamba Mungu haiti watu kwenye kompyuta? Na kama anawaita, ni kitu gani kinachoifanya kazi hiyo iujaze moyo wa mtu, na si mfuko wake tu?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinatueleza habari za Bezaleli. Hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na mbao, na Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya ufundi huohuo. Basi ufundi si utumishi wa daraja la pili. Roho aliyeongoza mkono ulioshika patasi hashindwi kuongoza vidole vilivyo juu ya kibodi.

Lakini kuna tofauti moja ambayo vijana wetu wanapaswa kuijua mapema. Kazi ya Bezaleli ilionekana kwa macho. Ubao uliopinda hausemi uongo. Kazi ya Tehama kwa sehemu kubwa haionekani. Mama anayemwachia fundi simu yake hajui kinachofanyika ndani. Mzee anayeweka kidole kwenye mashine ya kusajili laini, akaambiwa aweke tena kwa sababu cha kwanza hakijasoma, hawezi kujua kama laini ya pili imesajiliwa kwa jina lake. Zile jumbe za "tuma kwenye namba hii" ambazo sote tumezipokea hutumwa kwa laini za namna hiyo. Ndiyo maana tunahimizwa kubonyeza *106# na kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Anayeishika kazi hii ameshika imani ya watu wasioweza kumkagua.

Tumelijifunza hili kwa aibu. Kijana mmoja wa jumuiya yetu alimaliza stashahada yake ya Tehama, akazunguka na bahasha kwa muda mrefu bila kupata ajira. Mwishowe alifungua steshenari ndogo jirani na kituo cha daladala: kompyuta moja, printa moja, benchi la wateja. Aliwajazia vijana maombi ya mikopo ya elimu ya juu, akawatumia wengine maombi ya kazi, akawaandikia wazee barua. Siku moja mzazi mmoja, tena mwenzetu wa kanisani, alimletea cheti cha mwanawe akaomba abadilishe alama mbili tu. Kijana alikataa. Yule mzazi aliondoka kwa hasira, akawaambia wengine kwamba kijana anajifanya mtakatifu. Na sisi, tukiri, baadhi yetu tulimlaumu kijana. Tulisema: ingemgharimu nini? Ni kazi ya dakika tano, na kodi ya fremu inamsubiri.

Tulikuwa tumesahau upesi. Aprili 2017 Serikali ilitangaza kwamba uhakiki umewakuta watumishi wa umma 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi. Tulishangaa sote, na mahubiri yakatolewa. Hatukujiuliza vyeti vile vilipita mikononi mwa nani. Si vyote vilivyotengenezwa kwa kompyuta, lakini palipo na cheti bandia pana mtu aliyekitengeneza, na pengine mtu huyo alikuwa na kodi ya kulipa kama kijana wetu. Wizi mkubwa huanzia kwenye dakika tano za namna hiyo.

Mwaka 1974 nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Leo mambo ni kinyume: hata umeme wa LUKU tunaununua kwa simu. Lakini mashine haijapata dhamiri katika miaka yote hiyo. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tunashukuru. Ila sheria haikai kwenye benchi la steshenari saa mbili usiku, mteja anapoinama na kunong'ona. Pale anabaki kijana na Mungu wake.

Danieli alikuwa mtumishi wa serikali ya kigeni. Maadui zake walipotafuta kosa katika kazi yake hawakuliona, wakabaki kumshitaki kwa sala zake. Tungependa vijana wetu wakaguliwe hivyo, na kumbukumbu zao zote zifunguliwe.

Hatusemi kwamba uaminifu unatosha bila ujuzi. Fundi mwaminifu anayefuta picha zote za mteja kwa kutojua bado amemwumiza. Tangu mkebo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, kijana wa Tandika au Tegeta anaweza kujifunza kutoka duniani kote, ingawa bando bado linauma. Ajifunze kila siku. Kujifunza nako ni namna ya kumpenda jirani.

Nasi tulio wazee tuna deni. Tuache kumwita kijana kila Jumapili arekebishe projekta na vipaza sauti kwa "Mungu akubariki" peke yake, huku fundi wa paa tunamlipa. Tuwape kazi zetu. Zaidi ya yote, tusiwe sisi tunaonong'ona pale benchini.

Kijana wetu bado yuko palepale, na hajatajirika. Tulipomuuliza kama haoni amepoteza miaka, alijibu kwamba kina mama wanamtajia neno lao la siri bila hofu, naye huwafundisha kulibadilisha kabla hawajaondoka. "Kila mmoja akiondoka na siri yake," alisema, "nalala vizuri." Tuliokuwa tumemlaumu tulinyamaza. Tulikuwa tumetafuta sana maana ya wito, na jibu lilikuwa kwenye kibanda tunachokipita kila asubuhi tukikimbilia daladala.

Jumapili ijayo tumwite mbele, tumwombee.